Makohozi bado ‘chanya’ mwezi wa pili: Je, vimelea vya TB viko hai au vimekufa?

Mgonjwa amemeza dawa za kifua kikuu kwa miezi miwili bila kuruka hata siku moja. Kikohozi kimepungua, homa za jioni zimekwisha, jasho la usiku halilowanishi tena shuka, na suruali iliyokuwa inampwaya sasa inamkaa vizuri kiunoni. Siku ya kliniki anapeleka makohozi kama alivyoelekezwa. Majibu yanatoka: chanya, 1+.

Nyumbani karatasi ile inazua hofu. Mkewe, ambaye ananyonyesha, anamhamishia mtoto chumba kingine. Jirani anashauri waende kwa mganga kwa sababu “dawa za hospitali zimeshindwa”. Mgonjwa mwenyewe anaanza kujiuliza kuna faida gani kuendelea na vidonge vinavyogeuza mkojo kuwa mwekundu, kama baada ya siku sitini ugonjwa bado upo.

Hapa ndipo baadhi ya wagonjwa huacha dawa. Wengine hufanya kosa la upande wa pili: wanaona wamenenepa, wanaamini wamepona, na majibu yale wanayachukulia kuwa makosa ya maabara. Makosa yote mawili ni ya hatari, na yote yanatokana na swali moja ambalo karatasi ile haijalijibu: vimelea vilivyoonekana viko hai, au ni maiti tu?

Wiki hii tuangalie jinsi maabara inavyolitafuta jibu la swali hilo. Tutaona rangi zinazong’aa gizani, mrija unaowaka bakteria wanapovuta hewa, na sababu ya daktari kusisitiza miezi sita wakati wewe unajisikia mzima.

Darubini inaona nini hasa?

Kifua kikuu husababishwa na bakteria ambaye daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kumgundua Machi 24, 1882 mjini Berlin. Ndiyo sababu kila Machi 24 ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Bakteria huyu ana ukuta wa nje wenye mafuta mazito yanayofanana na nta. Ukuta huo ni ngao yake. Unazuia dawa nyingi kupenya na unamwezesha kuishi ndani ya chembe za mwili ambazo kazi yake ni kumla.

Ukuta huohuo ndio unaotusaidia kumwona. Mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kipande cha kioo, akayakausha, kisha akayamwagia rangi. Baadaye huosha kwa mchanganyiko wa asidi na spiriti. Bakteria wengi wa kawaida huachia rangi wanapooshwa hivyo. Kimelea cha TB hakiachii, kwa sababu rangi imenasa kwenye nta yake.

Kwa miaka mingi rangi iliyotumika ilikuwa nyekundu. Vimelea vilionekana kama vijiti vidogo vyekundu katika uwanja wa bluu, na mtaalamu alilazimika kukodoa macho kwa muda mrefu kwenye kila kioo. Siku hizi vituo vingi hutumia rangi inayoitwa oramini, ambayo hung’aa inapomulikwa kwa mwanga wa bluu. Mtaalamu anapochungulia, anaona vijiti vya kijani-njano vinavyowaka katika giza, mithili ya nyota usiku. Kwa kuwa vinaonekana kwa urahisi, anaweza kutumia lenzi inayoonyesha eneo kubwa zaidi la kioo kwa mara moja, akamaliza kazi mapema na kukosea mara chache. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kuhimiza darubini za aina hii zinazotumia taa za LED, ambazo hazili umeme mwingi na hazihitaji chumba chenye giza totoro.

Hata hivyo darubini ina mipaka miwili. Wa kwanza ni wingi. Ili vimelea vionekane, kwa kawaida lazima viwe kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ya makohozi. Vikiwa pungufu ya hapo, majibu yanaweza kuwa hasi wakati ugonjwa upo.

Mpaka wa pili ndio unaomhusu mgonjwa wetu. Oramini inanasa kwenye ukuta, na ukuta hauporomoki siku ileile kimelea kinapokufa. Ukiokota ganda la konokono shambani, ganda lenyewe halikuambii kama konokono alikufa jana au mwaka jana. Linakuambia tu kwamba konokono alikuwapo. Kimelea kilichouawa na dawa kinaweza kubaki na ukuta wake, kikakoholewa wiki kadhaa baadaye, kikapakwa rangi na kung’aa sawasawa na kilicho hai.

Kwa hiyo 1+ ya mwezi wa pili inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa. Inaweza kumaanisha kwamba dawa zimeua vimelea na kifua kinatoa masalia. Inaweza pia kumaanisha kwamba kuna vimelea hai vinavyoishinda dawa. Darubini peke yake haiwezi kuchagua kati ya hizo mbili.

GeneXpert nayo haisemi?

Wagonjwa wengi wanaifahamu mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2010. Ni mashine nzuri sana kwa kazi yake. Inatoa majibu ndani ya saa mbili hivi, na inaonyesha pia kama vimelea vina dalili ya usugu dhidi ya rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa tiba ya TB.

Nayo hutumia rangi zinazong’aa. Ndani ya kikasha chake mna vipande vidogo vya vinasaba vilivyofungiwa rangi. Kipande kikikutana na kinasaba cha TB kinachofanana nacho, kinafunguka na rangi yake inawaka, na mashine inausoma mwanga huo.

Lakini kinachosomwa ni vinasaba, na vinasaba vinaweza kudumu kwa muda baada ya mwenyewe kufa. Ndiyo maana mgonjwa aliyemaliza dawa na kupona anaweza kupimwa kwa GeneXpert miezi kadhaa baadaye na bado ikaonyesha chembechembe za TB. Kwa sababu hiyo kipimo hiki hakitumiki kufuatilia kama mgonjwa aliye kwenye dawa anapona. Akipimwa kwa mashine hiyo mwezi wa pili, swali linaloulizwa ni jingine: je, vinasaba hivi vina alama ya usugu?

Jambo hili ni muhimu kwa yeyote aliyewahi kuugua TB na sasa amepata kikohozi kipya. Mweleze daktari tangu mwanzo kwamba uliwahi kutibiwa, na mwaka uliomaliza dawa. Ukificha, majibu yako yanaweza kusomwa vibaya, ukaanzishiwa matibabu usiyoyahitaji au ukakosa unayoyahitaji.

Mrija unaopima pumzi

Basi tunajuaje kama kimelea kiko hai? Njia ya uhakika ni ileile ambayo mtu angeitumia kwa mgonjwa aliyezimia: angalia kama anapumua.

Bakteria wa TB anahitaji oksijeni ili akue na kuongezeka. Hana mapafu, lakini anaichukua oksijeni iliyoyeyuka kwenye majimaji yanayomzunguka na kuitumia kuchoma chakula ili apate nguvu. Wanasayansi waliutumia ukweli huu kutengeneza mrija maalumu unaojulikana kwa kifupi kama MGIT.

Ndani ya mrija mna mililita 7 za supu yenye virutubisho ambavyo bakteria wa TB anavipenda. Chini kabisa, kwenye kitako cha mrija, kuna tabaka la silikoni lililochanganywa na kemikali yenye madini ya rutheni. Kemikali hiyo ina tabia ya kipekee. Ikimulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, wa jamii ya miale inayounguza ngozi juani, hutoa mwanga wa rangi ya chungwa. Lakini oksijeni ikiwa karibu yake, huuzima mwanga huo.

Mwanzoni supu imejaa oksijeni, kwa hiyo kitako cha mrija hakiwaki. Maabara huweka makohozi yaliyosafishwa, ikaufunga mrija na kuuweka kwenye mashine yenye joto la nyuzi 37, kama joto la mwili. Kama hakuna kilicho hai, oksijeni inabaki na giza linabaki. Kama kuna vimelea hai, vinaanza kula, kupumua na kugawanyika. Oksijeni inapungua kidogo kidogo, na kitako cha mrija kinaanza kuwaka. Mashine huchungulia kila mrija mara moja kwa saa, usiku na mchana. Mwanga ukifikia kiwango fulani, inatoa ishara.

Maiti haipumui. Vimelea vilivyokufa vinaweza kujaa kwenye mrija na mwanga usitokee. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya kipimo hiki na vingine tulivyovitaja.

Zaidi ya kusema “vipo” au “havipo”, mrija huu unaonyesha pia wingi. Vimelea hai vikiwa vingi, mwanga hutokea baada ya siku chache. Vikiwa vichache, unachelewa. Mgonjwa ambaye mrija wake wa kwanza uliwaka siku ya sita na wa mwezi wa pili ukawaka siku ya ishirini, ana vimelea hai vichache sana kuliko mwanzo, hata kama darubini inaonyesha vijiti vilevile.

Kwa nini majibu yachukue wiki?

Wazazi na wagonjwa hulalamika kwamba majibu ya kuotesha vimelea yanachelewa, na wengine hudhani sampuli imepotea. Mara nyingi anayechelewa ni bakteria mwenyewe.

Bakteria wa kawaida wa tumboni, akiwa kwenye mazingira mazuri, hugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa TB huchukua saa 18 hadi 24. Kile ambacho bakteria wa tumboni hukifanya kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, wa TB hukifanya kwa zaidi ya wiki. Kwa mirija hii majibu chanya kwa kawaida hupatikana ndani ya wiki moja hadi tatu. Ili kutangaza kwamba hakuna kitu, maabara husubiri siku 42. Njia ya zamani ya kuotesha kwenye chakula kigumu kilichotengenezwa kwa mayai inaweza kufika wiki nane.

Kuna tahadhari nyingine. Mrija unawaka kwa sababu kitu fulani kimepumua, na si lazima kitu hicho kiwe TB. Mdomoni na kooni mna bakteria wengi wengine na fangasi. Ndiyo maana makohozi husafishwa kwanza kwa dawa kali inayoua vijidudu hivyo vinavyokua haraka, na supu huwekewa dawa za kuvizuia. Hata hivyo baadhi hupenya. Mrija ukiwaka, mtaalamu lazima ahakikishe kilichomo ni TB kabla ya kutoa majibu. Ukiambiwa sampuli “imechafuka” na unatakiwa kutoa nyingine, usichukulie kwamba umedharauliwa. Maabara imekataa kukupa jibu la kubahatisha.

Rangi ya maziwa na rangi za uhai

Zipo njia nyingine za kuuliza swali hilihili kwa kutumia rangi, na moja huenda imepita karibu na meza yako bila wewe kujua. Kwenye vituo na viwanda vya maziwa hutumika rangi ya bluu inayoitwa resazurini. Huchanganywa na maziwa kidogo na kuwekwa kwenye joto. Maziwa yakiwa safi, bluu inabaki. Yakiwa na bakteria wengi hai, shughuli zao za kutafuta nguvu huibadilisha rangi hiyo kuwa waridi, na hatimaye ikapauka kabisa. Ile waridi ndiyo inayong’aa kwenye mwanga maalumu.

Maabara za TB zimeitumia rangi hiyohiyo kupima usugu. Vimelea vya mgonjwa huwekwa kwenye vishimo vidogo, kila kishimo kikiwa na kiwango tofauti cha dawa, kisha huongezwa resazurini. Kishimo kilichobaki bluu kinasema dawa imeua. Kilichogeuka waridi kinasema vimelea bado vinaendelea na maisha yao ndani ya dawa. Mwaka 2010 WHO ilikubali njia za aina hii zitumike, kwa masharti, kwenye maabara za rufaa ambazo hazijapata uwezo wa vipimo vya kisasa zaidi.

Rangi nyingine, floresini iliyofungwa kikemikali, huingia ndani ya kimelea ikiwa haing’ai. Kama kimelea kiko hai, vimeng’enya vyake huikata na kuifungua, na kimelea kinawaka kijani. Kilichokufa hakina vimeng’enya vinavyofanya kazi, kwa hiyo kinabaki giza. Nchini Bangladesh njia hii imetumiwa kwa wagonjwa ambao makohozi yao yamebaki chanya wakiwa kwenye dawa, ili kuwatambua mapema wale wenye TB sugu badala ya kusubiri hadi mwisho wa matibabu.

Ipo pia rangi nyekundu inayofanya kazi kinyume. Haiwezi kupenya utando mzima wa kimelea hai, lakini utando ukipasuka inaingia na kushika vinasaba. Watafiti wakiichanganya na rangi ya kijani, hai huonekana kijani na maiti nyekundu. Hiyo zaidi ni ya utafiti, hutaikuta kwenye kituo chako cha afya.

Waliolala: sababu ya miezi sita

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mgonjwa wa TB anapaswa kulijua. Kati ya “hai” na “mfu” kuna hali ya tatu, nayo ni kulala.

Baadhi ya vimelea, vikibanwa na kinga ya mwili au vikikosa oksijeni katikati ya kidonda cha mapafu, hupunguza shughuli zao zote. Havigawanyiki, na vinapumua kidogo mno. Rangi inayopima pumzi inaweza isivione vizuri. Na dawa nyingi zinazoua bakteria anayekua zinapata shida kumuua aliyelala, kwa sababu hushambulia kazi ambazo wakati huo hazifanyi.

Hii ndiyo sababu tiba ya kawaida ina awamu mbili. Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Hizo huua kundi kubwa la vimelea vinavyokua haraka, na ndiyo sababu unajisikia nafuu mapema. Miezi minne inayofuata ni isoniazidi na rifampisini, kuwamaliza waliolala kila wanapoamka. Mgonjwa anayeacha mwezi wa tatu kwa sababu amenenepa ameua wanaopumua kwa nguvu na kuwaacha waliolala. Wakiamka, ugonjwa unarudi, na hatari ya usugu inaongezeka.

Pumzi ya bakteria imekuwa pia shabaha ya dawa. Bedakwilini, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Desemba 2012, hushambulia mtambo ambao kimelea hutumia kugeuza upumuaji wake kuwa nguvu. Kwa kuwa hata kimelea kilicholala kinahitaji nguvu kidogo ili kisife, dawa hii inakifikia. Leo ni mhimili wa matibabu ya TB sugu. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita wenye dawa hiyo kwa wagonjwa wengi wa TB sugu wenye umri wa miaka 14 na kuendelea. Zamani wagonjwa kama hao walitibiwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa sindano zilizowaachia baadhi yao uziwi.

Kwa wazazi: mtoto ana hesabu tofauti

Mtoto mdogo hawezi kukohoa na kutoa makohozi, na hata akiweza, vimelea vyake kwa kawaida ni vichache. Darubini mara nyingi itasema hasi, na hata mrija unaopima pumzi unaweza kubaki giza. Kwa mtoto majibu hasi hayatoshi kusema hana TB. Daktari ataangalia mambo mengine: uzito usiopanda, kikohozi kisichoisha, homa, mtoto aliyepoteza uchangamfu, picha ya kifua, na zaidi ya yote kama kuna mtu mwenye TB anayeishi naye. Akiamua kuanza dawa bila karatasi ya maabara yenye neno “chanya”, anafuata utaratibu wa kitaalamu.

Sampuli ya mtoto inaweza kuchukuliwa kwa kunyonya majimaji ya tumboni asubuhi au ya puani. Sasa hata kinyesi chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert, kwani watoto humeza makohozi yao. Kwa watoto wenye TB isiyo kali, WHO mwaka 2022 ilikubali tiba ya miezi minne. Hilo ni la daktari kuamua baada ya uchunguzi, si la mzazi kukatiza dozi nyumbani.

Na mtoto aliye chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB ya mapafu apelekwe kuchunguzwa hata kama haumwi. Asipokuwa na ugonjwa hupewa dawa za kumkinga. Mama aendelee kunyonyesha.

Turudi kwa mgonjwa wetu

Afanye nini na ile karatasi yenye 1+?

Kwanza, asiache dawa hata siku moja. Kama vimelea vile ni maiti, dawa zinafanya kazi na lazima zimalize waliolala. Kama viko hai, kuacha kutaviongezea nguvu.

Pili, arudi kliniki na aulize maswali haya: Makohozi yangu yalikuwa na kiwango gani mwanzoni? Aliyeanza na 3+ akawa 1+ amepiga hatua, ingawa hiyo peke yake si uthibitisho. Je, sampuli yangu itapimwa usugu? Je, itapelekwa kuoteshwa? Makohozi chanya mwishoni mwa mwezi wa pili ni sababu halali ya kufanya vipimo hivyo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Majibu chanya mwezi wa tano au baadaye ni jambo zito zaidi, huchukuliwa kuwa dalili kwamba tiba imeshindwa na lazima ichunguzwe upya.

Tatu, awe mkweli kuhusu dozi alizoruka. Daktari akijua vidonge vya wiki mbili vilibaki kwenye droo, atayasoma majibu kwa jicho lingine.

Nne, atoe sampuli nzuri. Asubuhi baada ya kuamka, asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara kadhaa kisha akohoe kutoka kifuani. Mate hayatoshi. Afanyie nje au kwenye hewa ya kutosha, mbali na watu. Akifunga kikopo, asikiache juani wala kwenye dashibodi ya gari, akifikishe kituoni mapema. Jua linaua vimelea. Kwa kipimo kinachotafuta pumzi, sampuli iliyokufa njiani itatoa jibu hasi la uongo.

Tano, na hili ni kwa kila mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi: usinunue antibayotiki dukani kabla ya kupimwa. Baadhi yake, kama siprofloksasini na jamii yake, hudhoofisha vimelea vya TB bila kuviua vyote. Unapata nafuu ya siku chache, kipimo kinakuwa hasi, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Kuhusu mke na mtoto, mgonjwa ambaye dawa zinamfaa na anazimeza ipasavyo, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana baada ya wiki chache za kwanza. Hadi daktari athibitishe, afunge mdomo anapokohoa, madirisha yabaki wazi, na mtoto apelekwe kuchunguzwa. Hakuna sababu ya kumtenga baba huyo na familia yake, wala ya kumlaumu.

Matibabu ya TB kwenye vituo vya Serikali ni bure, na vipimo vya ufuatiliaji pia. Gharama kubwa ni nauli, muda na uvumilivu. Ukipewa karatasi iliyoandikwa chanya katikati ya matibabu, rudi nayo kliniki siku hiyohiyo ukaulize kama kilichoonekana kinapumua au la.